Siku Niliyopimwa kwa Uzi

Nyinyi vijana mtakaoyasoma haya, kaeni kitako msome polepole, na msiruke ruke. Mimi si mwandishi. Skuli sikuifaidi, na haya nimeyaandika kwa mkono kwanza, kisha binti yangu akayapiga chapa huku akinirekebisha, na mengine nimemkataza asirekebishe. Wengine mtashangaa kuniona naitwa bibi na nywele zangu bado nyingi ni nyeusi. Niliolewa mapema, na binti yangu naye hivyo hivyo, basi. Nataka niwaambie jambo lililonipata nikiwa na miaka tisa. Nitalisema nilivyoliona kwa akili ya umri ule, na pale nilipokosea nitasema nilikosea.

Wiki iliyopita nilipigiwa simu hapa Barking, nikaambiwa Bi Mariam amefariki. Alikuwa mke wa ami yangu, mdogo wake baba, na amefia katika mji ule ule mdogo kando ya mto, kaskazini ya Thailand, ambako mimi nilikaa naye siku kumi na mbili tu maisha yangu yote. Nililia mpaka binti yangu akatoka jikoni mbio. "Mama, nani huyo? Mbona sijawahi kumsikia?" Nikamwambia, "Huyu mwanamke alitaka kuwa mama yangu, na mimi nilikaa nyumbani kwake nikidhani anataka kunizika."

Lazima nianze nyuma kidogo, la sivyo hamtafahamu.

Mama yangu alikufa Pemba nikiwa na miaka saba. Baba hakuwepo, alikuwa keshatangulia London. Watu wazima walinipeleka nyumba ya jirani ili nisione, wakasahau kwamba dirisha la jirani lilitazamana na letu. Niliona mwanamke mmoja, mwosha maiti, akichukua uzi mrefu akaulaza ubavuni mwa Mama tangu utosini mpaka kisiginoni. Akapiga fundo, akaukunja, akampa mwanamme aliyekuwa nje ya mlango, na yule mwanamme akaondoka nao kuelekea kwa wachimbaji. Kisha nikaona bafta nyeupe, ile ya sanda, inakatwa. Nilipouliza niliambiwa Mama amelala, nisipige kelele.

Hakuna aliyenieleza zaidi ya hapo, basi nikajieleza mwenyewe. Sikujua kwamba anayepimwa vile ameshakufa. Nilidhani kule kupimwa ndiko kunakoua.

Mwaka uliofuata Baba akanileta London. Tulikaa Hounslow, chumba kimoja juu, na chini yetu akikaa Bi Zuwena, Mpemba mwenzetu, mwanamke wa kicheko kikubwa aliyekuwa akifanya kazi ya kutunza wazee. Ndege zilipita juu ya paa mpaka vikombe vikigongana kabatini. Baba alikuwa akipakia mizigo uwanja wa ndege, wiki hii shifti ya alfajiri, wiki ijayo shifti ya usiku, na mimi nikihamishwa hamishwa baina ya chumba chetu na kochi la Bi Zuwena. Skuli nilikuwa nikikaa kimya kutwa. Mwalimu akaleta barua, kisha ya pili. Baba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka, na ana mtoto wa kike, na hana mke.

Sasa, ami yangu, Ami Haji, alikuwa baharia zamani. Aliteremka meli huko Bangkok, akasali msikiti mmoja na vijana wa kaskazini, wakawa marafiki, na mmoja akamwoza dada yake. Walikuwa wameoana miaka mingi na hawakujaaliwa mtoto. Kwetu hilo lina dawa yake inayojulikana. Ndugu asiye na mtoto hupewa wa nduguye, akamlea, akawa wake. Si ajabu wala si aibu, na mimi silaumu jambo lenyewe mpaka leo. Baba na Ami walikubaliana kwa simu kwamba nitakwenda kulelewa kule. Mimi sikuambiwa. Niliambiwa, "Tunakwenda kumwangalia ami yako. Wiki mbili tu."

Bi Zuwena ndiye aliyenifungia sanduku. Alitia nguo zangu zote, hata koti la baridi. Nikamwuliza, "Kwani huko nako kuna barafu?"

"Funga mdomo wako, mwanangu, kabla sijalia," akasema. Nikaufunga. Nilidhani ametoka kukata vitunguu.

Tulifika wakati wa kiangazi, na kiangazi cha kule si kama cha Pemba. Asubuhi baridi inauma, watu wanaota moto mbele ya milango wamejifunga mablanketi. Mchana jua linachoma mpaka mbao za nyumba zinalia zenyewe. Mto ulikuwa umejivuta katikati, umeacha mchanga mpana huku na huku, na mashua zimekaa juu ya tope lililokauka, hazina kazi. Watu walikuwa wamelima kwenye ule mchanga: vitunguu, njugu, tumbaku, maharage yaliyotambaa juu ya vijiti. Palikuwa na daraja la mianzi la kwendea kwenye hayo mashamba, jembamba, linanesa ukipita. Ami alisema mvua zikija linachukuliwa na maji pamoja na kila kitu kilichosalia pale, na mwakani watu wanajenga jingine wala hawanung'uniki.

Na kulikuwa na moshi. Walikuwa wakichoma mashamba na majani makavu huko milimani, na milima yenyewe sikuiona hata siku moja. Jua lilitoka jekundu, ukilitazama halikuumizi macho, na majivu mepesi yakitua juu ya nguo zilizoanikwa. Mpaka leo jirani yangu akichoma takataka bustanini, mimi nafunga dirisha na siku yangu imekwisha.

Ami alitupokea kituo cha mabasi. Mrefu, mkavu, amevaa kofia ya kiua iliyopauka, na Kiswahili chake kilikuwa cha watu wa zamani, maana hakuwa na wa kuzungumza naye.

"Na hiki kijiti nacho umekiokota wapi?" akamwambia Baba, ananiangalia mimi. "Huko London wanakulisha nini, moshi wa ndege?"

"Nakula chipsi," nikasema.

"Ahaa. Basi nshajua ugonjwa."

Ilikuwa mara ya kwanza nacheka tangu tutoke Hounslow. Nilimpenda papo hapo. Asubuhi ya pili niliona wanaume wamenyoa vichwa, pekupeku, nguo zao rangi ya embe lililoiva, wamepanga mstari na mabakuli, na wanawake wamepiga magoti njiani wanawatilia wali. Hakuna aliyesema asante. Nikamwambia Ami, "Masikini wa huku hawana adabu." Alicheka mpaka akashika nguzo. "Shusha sauti, mwanangu, utatufukuzisha. Hao ndio mashekhe wa Mabudha. Huku anayetoa ndiye anayeshukuru."

Bi Mariam alikuwa mfupi, mikono myepesi, amejifunga mtandio mweupe saa zote. Wazee wake walikuwa Waislamu waliotoka upande wa China zamani, na misafara ya nyumbu, wakajenga msikiti wao mdogo pale mjini. Alikuwa na duka la chakula chini ya nyumba, hatua chache kutoka msikitini. Alipika tambi kwa mchuzi wa nazi na bizari, na nilipoonja nilisita, kwa sababu ilikuwa inanukia nyumbani kwetu na hakuna mtu pale aliyekuwa wa nyumbani kwetu. Kiswahili alijua neno moja alilofundishwa na mumewe. "Kula," ananiambia, anasukuma bakuli. Nikimaliza, "Kula." Nikikataa, anasema tena lile lile, kwa sauti ya kubembeleza. Alinisuka nywele. Alinifundisha kuvua viatu nikaviweka sawa, vidole vimetazama nje. Kwa siku sita nilikuwa nyuma yake kama mkia.

Siku ya saba nilimkuta amekunjua mezani kitambaa cheupe. Cheupe pee, kipya, bado kina mikunjo ya dukani. Akaniita kwa mkono, akanisimamisha kwenye nguzo ya barazani. Akatoa uzi mfukoni. Akauweka utosini kwangu, akauteremsha mpaka kisiginoni, taratibu, akapiga fundo. Akapima mabega, akapiga fundo jingine. Akaukunja uzi na kitambaa pamoja, akampa mtoto wa jirani apeleke sokoni. Halafu akanishika shavu, akatabasamu.

Sikulia. Mama hakulia. Nilidhani ndivyo inavyotakiwa.

Nyinyi mtauliza, kwa nini sikusema? Ningemwambia nani? Nilipouliza habari ya Mama niliambiwa ninyamaze. Mtoto aliyenyamazishwa mara moja katika jambo kubwa hajui tena jambo lipi linaulizika. Nikaanza kujitayarisha. Koti langu la baridi nilimpa mtoto wa kike wa jirani, maana nilikofikiri nakwenda halina kazi. Kibanio cha nywele nikampa mdogo wake. Viatu vyangu vizuri nikavisugua nikaviweka mlangoni mwa Bi Mariam, vidole vimetazama nje. Sala nilianza kusali zote tano, na Ami akamwambia Baba, "Umelea vizuri, mtoto huyu ana dini." Bi Mariam naye aliona ninavyogawa vitu vyangu, akanikumbatia na machozi yamemlenga. Kila mtu alifurahi. Chakula tu ndicho kilichokuwa hakipiti, akisema "Kula" nikitafuna tambi moja dakika tano.

Nilikaa hivyo siku nne, kila asubuhi nikishangaa kuamka.

Siku ya kumi na mbili, mchana, nilikuwa juu ya daraja la mianzi. Chini, kwenye mchanga karibu na maji, wanaume wawili walikuwa wakichimba. Shimo lilikuwa limewafika magotini na mchanga wameutupa pembeni. Mmoja akanyanyua uso akaniona, akanipungia mkono na kucheka. Nikajua ni leo.

Nilirudi nyumbani kwa kutembea. Nataka mjue hivyo, sikukimbia. Nilimkuta Baba chumbani, ndiyo kwanza katoka kusali alasiri, anafunga begi lake. Lake peke yake.

"Baba," nikamwambia, "wameshachimba."

"Wamechimba nini?"

"Kaburi langu, kule mchangani. Usiondoke kabla hujanizika. Na Yasini unisomee wewe, Ami anasoma mbio mbio."

Baba alikaa juu ya kitanda kama aliyesukumwa. "Nani kakwambia unakufa?"

"Nimepimwa," nikasema. "Na nguo nyeupe nimeiona."

Halafu akaita, "Haji! Haji, njoo huku!" kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Ami akapanda ngazi, na Bi Mariam nyuma yake, mikono imejaa unga. Baba akamweleza nduguye. Ami akaanza kucheka, kisha kicheko kikamkatikia mdomoni.

"Si kaburi, mwanangu," akachutama mbele yangu. "Wale wanachimba maji. Wakati huu mto mchafu, ukichimba kando mchanga unayachuja, yanatoka safi ya kunywa. Na ile nguo ni sare. Shati jeupe la skuli."

"Skuli ya nani?"

Ami akamgeukia Baba. Kwanza nilifurahi, sitawaficha. Sifi! Niliona hata chumba kimekuwa kikubwa. Kisha nikatazama kabati, nguo zangu zote zimepangwa ndani, na nikatazama begi la Baba lililofungwa.

"Unakwenda wapi?"

"Kazini," akasema Baba. "Basi la alfajiri."

"Na mimi?"

Hakuniangalia. "Ulikuwa uwe umelala," akasema.

Bi Mariam alikuwa akivuta mkono wa mumewe, anataka kuambiwa. Ami akamwambia kwa lugha yao, maneno machache machache, na mimi nilikuwa nikimtazama yeye. Uso wake ulibadilika mara mbili. Mara ya kwanza, nadhani, ni alipoambiwa habari ya uzi. Mara ya pili ni alipofahamu kwamba sikuwa najua kitu. Akajifuta unga kwenye nguo, akasema jambo refu, si kwa ukali, ila hakuacha nafasi ya mtu kuingia.

Ami akatafsiri, macho chini. "Anasema alidhani mtoto kaambiwa, na karidhia. Ndiyo maana anagawa vitu vyake, amekuja kukaa. Anasema aulizwe. Sasa hivi, mbele yake, na atakalosema ndilo."

"Mtoto haulizwi," Baba akasema. "Tangu lini mtoto akaulizwa? Atalia leo, kesho atasahau."

Ami akamtafsiria mkewe. Yeye akajibu kwa swali moja tu.

"Kasemaje?" Baba akauliza.

Ami akakohoa. "Kasema, 'Na mama yake je, mtoto kamsahau?'"

Bi Mariam akakaa chini mbele yangu, sakafuni, magoti yamegusana na yangu. Aliuliza kwa lugha yake na Ami akaifuata nyuma kwa Kiswahili. Unataka kukaa hapa na sisi, uwe mtoto wetu, uende skuli, au unataka kurudi na baba yako? Mikono yake alikuwa ameiweka juu ya mapaja, hakunigusa. Sasa mimi mtu mzima nafahamu kwa nini. Alikuwa amengoja mtoto miaka yote ile, na akaona kunigusa wakati ule ni kunishika nisiende.

Nikasema, "Nataka kwenda na Baba."

Aliitikia kwa kichwa kabla Ami hajatafsiri. Akainuka, akashuka chini. Nikasikia visu na sufuria, na baada ya muda akatuletea chakula, akaniwekea bakuli langu kama siku zote.

Alfajiri alikuja mpaka kituoni. Alinipa njugu za kuchemsha zimefungwa kwenye jani la mgomba, bado za moto. "Kula," akasema. Basi likaondoka na moshi ulikuwa mwingi hata sikumwona zaidi ya mara moja.

Bi Zuwena alipofungua mlango Hounslow akapiga kigelegele, halafu akanipiga kofi la bega. "Koti liko wapi, wewe mtoto? Unakuja London umevaa hivi?" Akanivuta ndani. Yalikuja maisha yale yale. Baba na shifti zake, mimi na ufunguo shingoni. Nilipotimia miaka kumi nikapika, kumi na moja nikasafisha, skuli nikienda leo na kesho nisiende, mpaka nikaacha, nikaolewa. Silalamiki. Baba aliishi na mimi mpaka mwisho wake, na safari ile hakuitaja hata mara moja.

Sikukuu zikifika Ami alikuwa akipiga simu, na akimaliza anampa Bi Mariam. "Kula?" ananiuliza. "Nimekula," namjibu. Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya miaka yote. Ami akafa, simu zikapungua. Na sasa yeye. Kanipigia mtoto wa kaka yake, akasema kwa Kiingereza cha kubahatisha kwamba amezikwa nyuma ya msikiti, na kwamba hakuacha mtoto.

Hakuacha mtoto kwa sababu aliniuliza. Angenyamaza siku moja tu, hadi lile basi la alfajiri, ningekuwa wake. Ningelia, na ningezoea, na pengine leo ningekuwa nimesoma.

Nimelifikiri sana jambo hili nikiwa naosha vyombo, nikiwa ndani ya treni, nikiwa nimeketi peke yangu. Kama Baba angenikalisha kule Hounslow, kabla ya sanduku na kabla ya safari, akanambia, "Kuna ami yako na mkewe, hawana mtoto, wanakutaka, na mimi nimechoka," sijui ningesema nini. Nadhani ningekubali. Siku sita zile nilikuwa nampenda. Lakini niliulizwa siku ile ile niliyotoka kaburini, na mtu aliyetoka kaburini anakamata mkono anaoujua. Jibu lilikuwa la hofu, na hofu ile hakuitia Bi Mariam. Aliyeilipa ni yeye.

Sasa sikilizeni lililotokea juzi. Binti yangu Rahma na mumewe Suleiman wote wanafanya kazi hospitali, na zamu zao zimegongana. Mjukuu wangu Sumaiya ana miaka minane. Niliingia jikoni nikawakuta wananong'ona, na Suleiman anasema, "Tumpeleke Unguja kwa mama yangu mwaka mmoja. Tumwambie ni holidei tu, akifika atazoea." Nikatia maji kwenye birika, nikalipiga swichi, nikawageukia.

"Mama, usikasirike," Rahma akasema. "Ni mtoto, hatafahamu."

Nikawaambia hivi, na nawaandikia nyinyi nyote mlio na watoto: "Mtamwita Sumaiya sasa hivi, mtamkalisha kwenye kiti hiki, na nyinyi mkae, msisimame juu yake. Mtamwambia anakwenda wapi, kwa nani, kwa nini, na mpaka lini. Mwambieni kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Na mkimaliza kusema, nyamazeni, mumsubiri ajibu."